Maswali Niliyomjibia Bibi

Ninaikumbuka Jumatano moja mpaka harufu yake, mwanangu: sabuni ya sakafu ya hospitali, na kitenge cha Bibi kilichotoka sandukuni asubuhi hiyo kikiwa bado kinanuka dawa ya mende.

Nakuita mwanangu, na usinikenulie meno. Najua nina miaka kumi na saba. Najua bado navaa sare, na mwalimu wa hesabu akipita nabadilisha njia. Lakini kuna kosa nililofanya nikiwa na miaka kumi na mitano, na kosa hilo limenizeesha upande mmoja. Kwa upande huo mimi ni mzee kabisa, naweza hata kukohoa kabla ya kusema. Basi keti unisikilize. Siku zako zinakuja, na mkubwa wako mmoja atakushika mkono akwambie, "Twende wote, we unajua Kifaransa."

Bibi ninayemsema ni mama wa mama yangu. Maisha yake yote alikaa Gatumba, kando ya ziwa, akiuza samaki aliowakausha mwenyewe juu ya moto wa kuni. Maji yalipoingia nyumbani kwake mara ya tatu, Mama alikataa kusikia habari za Gatumba tena. Akamleta kwetu mjini, Mutakura, na sanduku lake, kuku wawili na, bila Mama kujua, tumbaku yake.

Sasa hiyo tumbaku lazima nikueleze, maana kwenu labda haipo. Bibi havuti sigara. Bibi analoweka majani ya tumbaku katika maji, ndani ya kifuniko cha kopo, mpaka maji yawe ya rangi ya chai kali. Anamimina kiganjani, anayavuta puani, kisha anaifunga pua kwa kibano kidogo cha mti ili maji yasitoke. Anakaa hivyo amefumba macho, raha mustarehe, kama mtu aliyepigiwa simu na malaika. Wazee wengi wa zamani walifanya hivyo, na wachache bado wanafanya. Sisi wajukuu tuliipenda sana saa hiyo, kwa sababu kibano kikiwa puani Bibi hawezi kufoka. Ukitaka ruhusa ya kwenda popote, hapo ndipo unaiomba.

"Bibi, naweza kwenda kwa Lyse?"

"Mmh-mmh," anasema kwa sauti ya puani.

"Asante, Bibi!"

Hiyo mmh-mmh ilikuwa apana. Tulijua. Tulikuwa tumeshafika barabarani.

Mama yeye hakujua kwamba tumbaku ilikuwa bado ipo. Kanisani kwetu tumbaku ni dhambi, na Bibi aliwahi kusimama mbele ya watu wote akasema ameiacha. Kwa hiyo aliivuta nyuma ya nyumba, Mama akiwa sokoni. Sisi tulikuwa walinzi wake, na malipo yetu yalikuwa zile ruhusa za uongo.

Basi ugonjwa ukaja. Na ulivyokuja, mwanangu, ni kama ulimjua Bibi vizuri. Sauti yake ikawa ya puani asubuhi hadi jioni. Nani angeshtuka? Sauti hiyo tuliizoea, tukadhani ametoka tu kwenye kibano. Kitambaa chake kikawa na madoa mekundu. Nani angeshtuka? Kitambaa hicho kilikuwa na madoa ya tumbaku tangu sijazaliwa. Sikio la kushoto likaanza kukataa kusikia. Hapo mimi ndiye niliyechekesha nyumba nzima. Nilisema sikio la Bibi limechagua maneno: ukisema "kuosha vyombo" halisikii, ukisema "nyama" linasikia mpaka la jirani. Wote walicheka. Bibi naye alicheka, akiwa amegeuza sikio la kulia.

Pua ilipoziba kabisa upande mmoja, Mama akasema aende hospitali. Kulikuwa na daktari mgeni wa masikio, pua na koo, mtu wa Afrika ya Magharibi, mrefu, shati limenyooka kama karatasi. Hakujua Kiswahili wala Kirundi. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wodi nyingine. Mama alikuwa na bidhaa za kupokea sokoni. Nikabaki mimi, mtoto wa shule mwenye Kifaransa kinachong'aa.

Na siku hiyohiyo, ile Jumatano, rafiki yangu Lyse alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa. Kwao ni Mutanga Nord, nyumba ina bwawa la kuogelea. Nilivaa nguo ya kuogelea chini ya gauni kabisa. Nilikaa mbele ya daktari nimevaa hivyo, usisahau.

Daktari akafungua karatasi na kuanza kuuliza. Umri? Bibi hakuujua, tukakadiria kwa watoto aliozaa. Kazi? Samaki. Kisha akauliza kama anavuta sigara.

"Bibi, anauliza unavutaga sigara?"

"Sigara?" Bibi akashika kifua. "Mi ni mwanajeshi? Mwambie mi sivutagi!"

Nikamwambia daktari: havuti. Ilikuwa kweli tupu. Akaandika. Kisha akaniangalia, akauliza taratibu: je, anatumia tumbaku kwa njia nyingine yoyote? Kutafuna? Kunusa?

Hapo, mwanangu. Hapo hapo.

Niliona kile kifuniko cha kopo. Niliona maji ya kahawia yakimtiririka Bibi mdomoni siku kibano kilipolegea. Halafu nikamtazama daktari na shati lake, na kalamu yake ya fedha, nikaona aibu. Niliona aibu kwamba mimi, wa kwanza darasani kwa Kifaransa, natoka katika nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo nikasema, bila kumuuliza Bibi chochote: "Apana, hata kidogo."

Bibi akanivuta mkono. "Anasema nini?"

"Anasema ukiwa msichana lazima uliwasumbua watu."

Bibi akaangua kicheko mpaka akafunika uso kwa kitenge. "Mwambie aulize Gatumba yote!"

Daktari akashangaa mwanamke gani anacheka akiulizwa habari za tumbaku. Lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa.

Baada ya hapo niliteleza tu. Uongo wa kwanza ukishapita, wa pili hauna hata haja ya kubisha hodi. Akauliza kuhusu pombe. Bibi akasema, "Ya mtama, kwa maarusi, na kwa misiba, na mutu akinitembelea." Mimi nikasema: apana. Akauliza pua imeziba tangu lini. Bibi akaanza hadithi ndefu, kwamba ilianza wakati anakausha sanduku lake baada ya maji, na kwamba damu ilikuja wakati kuku mmoja alipoibwa. Nikahesabu kichwani: miezi saba, pengine minane. Lakini nilijua nikisema miezi saba, maswali yatazaa maswali, na bwawa la Mutanga Nord litaogelewa na wengine.

"Wiki mbili," nikasema.

Daktari akatazama puani kwa taa, akaandika dawa ya matone na vidonge, akasema turudi baada ya wiki mbili kama hakuna nafuu. Hiyo nilimtafsiria Bibi vizuri, ni kweli. Jioni nilikuwa majini, nikimwigiza daktari kwa Lyse na wenzake, na walicheka mpaka wakameza maji.

Sasa Bibi ni mtu asiyependa kumvunja mtu moyo. Kila asubuhi alisema dawa inasaidia. Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Siku moja Mama alikuwa anamwosha nywele, mkono ukasimama shingoni, chini ya taya la kushoto.

"Mama, hii nini?"

"Itaisha. Ilikuja peke yake."

Ilikuwa ngumu kama mbegu ya parachichi, na ilikuwa haiumi. Jirani alisema tumpeleke kwa mzee anayekata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, maana wapo wanaoamini kila shida ya koo inatoka hapo. Namshukuru Mama kwa mambo mengi, na mojawapo ni kwamba siku hiyo alimjibu jirani, "Akate cha kwake kwanza."

Tukarudi hospitali, safari hii watatu. Daktari ni yule yule, shati ni lile lile. Muuguzi wa kutafsiri hakuwepo tena, sijui wodi hiyo nyingine ina nini. Mama Kifaransa chake kinaishia "bonjour". Daktari akashika shingo ya Bibi, akachungulia pua, kisha akarudi kwenye karatasi yake na kuisoma kwa sauti. Mwanamke mzee. Hajawahi kutumia tumbaku. Hanywi. Dalili zilianza wiki mbili kabla ya kuja.

Kila neno lilikuwa langu. Nilisikia kazi yangu ikisomwa kama nasikia insha ya mtoto mbaya.

Akanieleza. Alisema uvimbe kama huu mara nyingi unakuja na maambukizi tu. Alisema kuna kamera ndogo inayoingizwa puani mpaka nyuma, na kipande kinakatwa kupimwa, lakini inafanya kazi siku moja kwa wiki na wanaoisubiri ni wengi. Anawatanguliza wale wenye tumbaku na dalili za muda mrefu. Huyu bibi, kwa maelezo haya, anaweza kusubiri mwezi ujao. Kamera ilikuwa inafanya kazi siku hiyo, chumba cha pili.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

Nilimtazama Bibi amekaa wima na kitenge chake, amemgeuzia daktari sikio moja linalosikia, ananitegemea mimi kwa kila neno. Nikisema, Mama atajua tumbaku ipo. Kanisa litajua. Daktari atajua kwamba niliigiza ukalimani. Nisiposema, Bibi anarudi nyumbani mwezi mzima na mbegu yake shingoni.

"Dokta," nikasema kwa Kifaransa, "futa hiyo yote. Mimi ndiye niliyejibu. Yeye hakuulizwa."

Akaweka kalamu chini. Nikamwambia habari za majani na maji na kibano, habari za pombe ya mtama, habari za miezi saba. Nilisema haraka haraka, bila kumwangalia. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Kwa nini?"

"Niliona aibu. Na nilikuwa na bwawa."

Sidhani kama alielewa la bwawa.

"Orinela," Bibi akaita. Jina langu ni Ornella, ila yeye haliwezi. "Mbona unalia? Mumesema nini?"

Ikabidi nitafsiri. Hiyo ndiyo tafsiri ngumu kuliko zote nilizofanya, na nimefanya mitihani ya taifa. Nilimwambia Bibi, mbele ya Mama, kwamba siku ile daktari aliuliza kama ananusa tumbaku, na mimi nikakataa kwa niaba yake. Kwamba hakuna aliyesema eti alisumbua watu usichanani.

Mama akanifinya paja, halafu akamgeukia Bibi. "Mama! Tumbako? Bado?"

"Wewe nyamaza kidogo," Bibi akamwambia. "Na wewe utapata zamu yako." Kisha akanishika kidevu, akaniinua uso. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Ulinionea haya," alisema. "Mimi sikujionea. Pua ni yangu, we ni nani wa kuificha? Huyu mutu alitoka kwao, akapanda ndege, akaja kuniuliza mi. Ni mara ngapi mutu wa shati kama ile ananiuliza mi kitu? Na we ukanijibia." Akaniachia kidevu. "Sasa mwambie aanze upya. Na unipe maneno yake yote, hata yenye kuniumiza. Ukipunguza moja nitakujua."

Daktari akachukua karatasi mpya. Bibi akajibu kila kitu. Tumbaku tangu alipoolewa, kila siku, mara tatu, na Jumapili mara mbili kwa heshima ya Bwana. Mama akafunika uso. Pombe ya mtama. Moshi wa kuni wa kukaushia samaki, miaka yote hiyo, chumba kisicho na dirisha. Sikio. Damu. Uzito: vitenge vyote sasa anavifunga mara mbili. Daktari akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi, Bibi akamkumbuka shangazi yake aliyekufa akiwa na uvimbe shingoni, watu wakasema amelogwa. Alisema mengine ambayo Mama mwenyewe hakuyajua. Nilitafsiri mpaka koo likaniuma.

Kabla ya saa sita Bibi alikuwa chumba cha pili, na kamera puani.

Ilikuwa kansa, nyuma ya pua, na mbegu ya shingoni ilikuwa mtoto wake. Sitakupitisha katika yaliyofuata hatua kwa hatua. Kulikuwa na dawa zilizoingizwa mishipani, kulikuwa na safari ya nje ya nchi kwenye mashine ya mionzi, kulikuwa na wiki ambazo Bibi alikunywa uji kwa kijiko cha chai na mate yakamkauka kabisa. Kanisa lililoogopwa ndilo lililokuja kukaa naye kwa zamu, na hakuna mama hata mmoja aliyetaja tumbaku, isipokuwa mmoja aliyeinama sikioni na kukiri kwamba ya kwake iko chini ya kitanda. Bibi akamwambia aende akapimwe. Aliacha tumbaku yeye mwenyewe, safari hii bila kusimama mbele ya mtu. Leo yupo. Anarudi kuangaliwa, na mpaka sasa kila mara wanamwambia nenda salama.

Nilimuuliza daktari siku moja kama zile wiki nane zilibadilisha kitu. Alisema hawezi kunijibu, na mtu mkweli hawezi. Kwa hiyo swali hilo naishi nalo, na wewe usinihurumie. Nakupa tu faida yake.

Nililojifunza kwa daktari huyo ni hili. Watu wanaidhani kansa ya mdomo, koo na pua ni ya mzee wa kiume mwenye sigara mkono mmoja na chupa mkono wa pili. Ni kweli huyo yuko hatarini, na viwili hivyo vikikaa pamoja vinasaidiana kuharibu. Lakini tumbaku ni tumbaku, ivutwe, itafunwe au inuswe. Moshi wa miaka mingi nao unatajwa. Kuna na virusi vinavyopita katika mapenzi, na hivyo haviangalii kama una mvi. Na yupo anayeupata hana hata kimoja katika hivyo. Kwa hiyo usimwangalie mtu usoni ukaamua kwamba ugonjwa huu haumfai. Kidonda cha mdomoni kisichopona, sauti iliyokwaruza ikakataa kurudi, pua inayoziba upande mmoja na kutoa damu, chakula kinachokwama, uvimbe wa shingo usiouma: chochote kati ya hivi kikifika wiki ya tatu, mwende. Msingoje mpaka kianze kuuma. Na wewe na marafiki zako mnaojaribu moshi nyuma ya vyoo vya shule, nawaona. Nilikuwa huko. Moshi ule haujui kwamba mnatania.

Na siku ukiwa mkalimani wa mkubwa wako, mwanangu, peleka swali lote na urudishe jibu lote. Usilipambe wala usiliogeshe. Daktari si mchungaji, hatoi adhabu. Anachotafuta ni njia ya kupita. Utani ninaujua, ndiyo kazi yangu, na bado ninaifanya. Ila kuna karatasi moja duniani ambayo huandiki utani wako juu yake, nayo ni ile yenye jina la mtu mwingine.

Mungu akulinde koo, mwanangu, na ulimi, na kila mlango wa kichwa chako. Akuepushe na aibu inayovaa nguo safi. Na akuzeeshe sana, uzeeke mpaka uongozwe hospitali kwa mkono, usikie kwa sikio moja tu, na mtoto aliyekaa kando yako akuulize kila kitu alichoulizwa. Amina.